Alama za Watu Wawili

Mimi si mtu wa kulilia mambo ya zamani. Ukinikuta nasahihisha mitihani hapa kwangu Bukoto, Kampala, kalamu nyekundu mkononi na chai inapoa pembeni, utaona nimekunja uso na utadhani naichukia fizikia na kila anayeisoma. Jirani yangu wa chini husema nikiwa na mitihani hata paka wake hapandi ngazi. Lakini kila mwaka nikianza kujumlisha alama, za maabara upande huu na za mtihani upande ule, mawazo hunitoroka. Hurudi kwenye kozi moja ya mwaka wa kwanza, na kwa mtu mmoja niliyeisoma naye. Nilimpenda. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kulitafuta.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Chuo chetu kilikuwa kimefunguliwa kabla hakijapona. Madirisha ya maabara yalikuwa na mbao mahali pa vioo, bomba moja tu ndilo lililotoa maji, na vifaa vingi vilikuwa vimekwenda na watu wasiojua kazi yake. Mhadhiri wetu alidai aliwahi kuiona lenzi ya chuo ikiuzwa sokoni Nakivubo, muuzaji akiisifu kwamba inawasha sigara bila kiberiti. Nilimwamini, kwa sababu Nakivubo nilikuwa naijua. Baba yangu alikuwa na duka la vipuri huko huko. Alituleta kutoka Kenya mara njia zilipofunguka, akisema mji uliovunjika utataka beringi na breki kabla ya kitu kingine chochote, na hakukosea.

Mhadhiri mwenyewe, tuliyemwita doctor, alikuwa amerudi kutoka uhamishoni na sweta moja ya kijivu na masharti mengi. Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alichukua chaki akatuchorea kozi nzima ubaoni, kama fundi anayekuonyesha nyumba kabla hajachimba msingi. Kila Ijumaa jaribio fupi, na mwisho wa mwaka majaribio mabaya kabisa ya kila mtu yangetupwa, kwa sababu, alisema, kila binadamu ana Ijumaa zake. Kila wiki kazi ya maabara na ripoti. Mwisho wa mwaka mtihani, wenye zaidi ya nusu ya alama zote, na huo lazima uufaulu wenyewe kama ulivyo. Alama za maabara, hata ziwe nzuri vipi, zisingemwokoa aliyeanguka mtihani. Aliyeanguka angeiaga fizikia akatafute somo lingine.

Mpaka hapo hakuna cha ajabu. Ajabu ilikuwa namna yake ya kutupanga. Vifaa vilikuwa haba, kwa hiyo tungefanya kazi wawili wawili, na wawili hao asingewaacha wachaguane. Alichukua matokeo ya jaribio la kuingilia, akayapanga kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akaoanisha ncha na ncha: wa kwanza na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho, hivyo hivyo mpaka wakakutana katikati. Mwaka wa pili angepanga upya kwa njia ile ile, akitumia matokeo ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Ripoti ilikuwa moja kwa watu wawili na alama moja kwa watu wawili. Kabla ya kuitoa alikuwa anawaita wote mbele ya meza yake, anarusha juu sarafu ya zamani, ile ambayo haikununua tena hata kiberiti, na sarafu ndiyo iliyochagua nani ajibu maswali. Mwingine alitakiwa kufunga mdomo. Ukishindwa kujibu, umemfelisha na mwenzako aliyesimama hapo anakutazama.

Nilikuwa wa kwanza. Sisemi kwa kujisifu, au labda najisifu kidogo. Wa mwisho alikuwa kijana mrefu wa mkono mwepesi, Mnubi, ambaye babu wa babu yake aliletwa na Waingereza kutoka Sudani akiwa askari. Alibeba stuli yake kutoka nyuma kabisa ya maabara, akaiweka karibu na yangu, akakaa.

"Nyabo, wewe ndio wa kwanza?" akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Basi mimi ndio mzigo yako."

Nilimjibu kwamba mimi sibebi mizigo, atatembea kwa miguu yake mwenyewe. Alicheka, na kuanzia siku ile akaniita mwalimu. Nilimkataza. Hakuacha.

Hakuwa mjinga hata kidogo. Kwao walikimbia mji alipokuwa mtoto, wakati watu wa kabila lake walipolipishwa makosa ya serikali iliyoanguka, na alisoma vipande vipande: mwaka mmoja ng'ambo ya mpaka, miaka miwili bila shule, mwaka mmoja kwa shangazi. Elimu yake ilikuwa na mashimo kama barabara zetu. Sehemu nyingine gari linakwenda vizuri, ghafla linazama. Angeweza kukueleza kwa nini lori lililopakiwa vibaya hupinduka kwenye kona, maana baba yake aliendesha lori la Mombasa, lakini ukimpa mlinganyo wenye herufi mbili alikuwa anautazama kama barua ya mahakama.

Tulijaribiana lugha. Kiganda changu kilikuwa cha kununulia nyanya tu, na Kiingereza chake kilitembea na mkongojo. Tukaangukia Kiswahili, na hapo tukastarehe. Tatizo ni kwamba Kampala ya miaka ile watu wengi Kiswahili walikuwa wamekisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Tukifungua mdomo, shingo ziligeuka. Vijana wawili wa meza ya jirani walimpachika jina la Afande. Alitabasamu kwa mdomo tu, macho hayakuhusika. Mimi nina mdomo, niliurithi kwa mama, na siku moja niliwaeleza vijana wale mambo kadhaa kuhusu ripoti yao na kuhusu malezi yao. Hawakulitumia tena jina hilo nikiwapo. Yeye alinikanya nisigombane kwa ajili yake, nami nikamwambia sigombani kwa ajili yake, nagombana kwa sababu napenda. Huo ulikuwa uongo nusu.

Ile sarafu ndiyo iliyotufunga pamoja. Kwa kuwa hujui itaangukia nani, huna budi kuhakikisha mwenzako anajua kila unachojua. Nilimfundisha hesabu kwenye ngazi za nyuma ya maabara, tukitafuna karanga, na yeye akanifundisha mikono. Mimi nilikuwa mtu wa kuvunja vitu. Nyaya zilikatika nikizigusa, vioo vilipasuka nikivisogelea. Alinionyesha jinsi ya kushika, jinsi ya kungoja, jinsi ya kuachia kitu bila kukisukuma. Alifanya hivyo bila kunigusa mkono, na nilitambua kwamba alikuwa anajihadhari, nikawa nakereka na sijui kwa nini. Jioni tulipanda na kushuka Nakasero kwa miguu, na kile kilima kikawa ubao wetu. Alisimama katikati ya mteremko, juu ya soko, akamwonyesha kidole mwendesha boda boda aliyebeba mkungu wa matoke, akaniambia nimgawie uzito ule: sehemu inayovuta chini ya kilima ni hii, sehemu inayokandamiza barabara ni ile. Nikamgawia. Akarudia kwa maneno yake, na nikaona shimo moja limezibwa.

Ijumaa zilikuwa tabu. Jaribio lilianguka saa ile ile ya sala, na mhadhiri hakusogeza saa yake kwa ajili ya mtu. Mwenzangu alikuwa anatoka msikitini mbio na kuingia darasani jaribio limefika katikati, mikono ya shati imekunjwa, bado ina maji ya udhu. Nilikuwa namwekea kiti. Nilikuwa nimemaliza maswali yangu kitambo, lakini sikutoka. Nilikaa pale nikiangalia maji yakikauka kwenye mikono yake anavyoandika haraka haraka. Nilikuwa binti wa nyumba ya kanisa, mama yangu akiimba sauti ya kwanza kila Jumapili, na nilijua vizuri kwao wangesema nini na kwetu wangesema nini. Nilijua, na bado Ijumaa ndiyo siku niliyoingojea.

Kazi ya maabara iliyotupa jina ilikuwa ya pendulamu. Kipande cha chuma, uzi, na saa ya kupimia. Unaning'iniza chuma, unakiachia kibembee, unahesabu, na mwisho unapata nguvu ambayo dunia inavuta vitu kwayo. Kosa la wengi lilikuwa kuanza kuhesabu na moja pale pale wanapoachia, ambapo chuma hakijabembea hata mara moja. Yeye alisema sifuri anapoachia, kwa sauti ndogo, halafu moja kikirudi. Tulifika kwenye jibu letu: tisa nukta saba saba. Kitabu kilichokuwa maktaba, chenye mihuri ya zamani na kurasa zilizoliwa na mchwa, kilisema tisa nukta nane moja.

Nilishikwa na hofu. Nilisema turudie, tukarudia. Jibu lile lile. Tukabadilisha urefu wa uzi, tukarudia tena mpaka mlinzi akaja kugongagonga funguo zake mlangoni. Meza zote zilizotuzunguka zilikuwa zimepata tisa nukta nane moja, safi kabisa, na vijana wa meza ya jirani walituuliza kama uzi wetu ni wa kushonea. Mwenzangu alikuwa amejishika kidevu. Akaniuliza kile kitabu kilipimia wapi. Nikafungua ukurasa wa mbele, nikamwambia Uingereza. Tukatazamana. Kisha mimi nikakumbuka ile sura ambayo wote tuliipitia juu juu, kwamba dunia imevimba kiunoni na inazunguka, na anayekaa kwenye ikweta tena juu mlimani huvutwa kidogo pungufu. Nilimweleza pale pale nikitembea huku na huku kama mtu aliyepotelewa na funguo. Tuliandika jibu letu kama lilivyo.

Sarafu ilimwangukia yeye. Nilifunga mdomo kama sheria inavyotaka, na sijawahi kuteseka vile. Mhadhiri alimuuliza kwa nini jibu letu halifanani na la darasa zima. Alijibu kwa Kiingereza chake cha mkongojo, polepole, kwamba namba ile ya kitabuni ni nzuri lakini haikai hapa, na kwamba sisi tuko juu ya ikweta na juu ya kilima, kwa hiyo dunia inatuvuta kwa upole zaidi. Mhadhiri alivua miwani. Siku iliyofuata aliwauliza wenye tisa nukta nane moja kama walisafiri Ulaya na pendulamu mfukoni. Alama zetu zilikuwa za juu kuliko zote, na kwenye ripoti zilikuwa moja, za watu wawili. Tulishuka Nakasero mpaka sokoni. Alinunua matunda mawili ya pasheni, akanipa moja, tukala tumesimama. Katika maisha yangu nimepewa vitu vya thamani kuliko tunda lile, na sivikumbuki.

Baada ya hapo alianza kupaa. Majaribio ya Ijumaa, hata akianza katikati, alipata zaidi ya wengi walioanza mwanzoni. Mashimo yalikuwa yanazibika moja moja. Nilifurahi sana, niseme ukweli, nilijivuna mpaka nyumbani wakachoka kunisikia. Mtihani ulikuwa unakaribia, na bado alikuwa na woga, kwa sababu mtihani haukuwa na sarafu wala mwenzako. Tulikubaliana kusoma kila jioni mpaka siku yenyewe.

Ilikuwa wiki ya mwisho, alasiri, tumekaa kwenye ngazi zile. Sura ya mwisho ilikuwa bado, ya mambo ya mzunguko, na ilikuwa na maswali mengi kila mwaka. Nilifungua kitabu. Hakukitazama.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimepiga hesabu. Wewe utakuwa wa kwanza. Hiyo hakuna mtu anabisha."

Nilimwambia aendelee.

"Mimi nikipita kidogo tu, nakuwa wa mwisho kwa wale wanaendelea. Basi ile mwaka ingine, doctor anatuweka pamoja tena." Alikuwa anachora ngazi kwa kijiti. "Hii ya mzunguko tusisome. Naacha maswali mbili wazi. Tatu, labda."

Ningependa kusema kwamba moyo uliniruka, na kweli uliruka, lakini kilichotoka mdomoni ni hasira. Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia mstari wa kufaulu hauna huruma, kwamba mtu anayekusudia kupita kwa kidogo huanguka kwa kidogo, na akianguka basi si maabara tu, ni fizikia nzima imekwisha kwake, aende akapakie malori. Nilimwambia sikumfundisha mwaka mzima ili aende mwaka wa pili akiwa wa mwisho tena, wale wa meza ya jirani wakimcheka tena. Yote hayo yalikuwa kweli na ningeyasema tena. Nilichotaka kumuuliza ni kwa nini anataka tupangwe pamoja. Nilitaka aniambie sababu ambayo haikuwa ya fizikia. Nilingoja aiseme mwenyewe, na yeye nadhani alingoja niiulize.

"Jibu yote," nikamwambia. "Ukiacha hata swali moja, mimi na wewe basi."

Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko alivyozoea. Akatupa kijiti.

"Sawa, mwalimu."

Tukasoma sura ya mzunguko. Nilimfundisha vizuri kuliko nilivyowahi kumfundisha kitu chochote. Nilijua ninachokifanya. Kila swali alilolielewa lilikuwa linampandisha, na kila alivyopanda alikuwa anaondoka mwisho, akienda mbali na mimi. Nilimweleza mpaka akaelewa, nikampa swali gumu kuliko la kitabu, akalipata. Adhana ikaita, akainuka, akapangusa suruali, akaenda zake akishuka kwa hatua zake ndefu. Nikabaki na maganda ya karanga.

Siku ya mtihani alikaa safu mbili mbele yangu. Niliuona mgongo wake mpaka mwisho. Nilimaliza mapema, nikawa natazama bega lake la kulia likitembea, na kuna wakati lilisimama. Lilisimama kwa muda. Nakiri nilisali, na sijui nilisali nini, liendelee kuandika au lisimame hivyo hivyo. Likaanza tena. Aliandika mpaka msimamizi akamchomolea karatasi mkononi.

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wenye kioo nje ya ofisi, namba za usajili tu, bila majina. Namba yangu ilikuwa juu kabisa, niliiona bila kuitafuta. Ya kwake niliitafuta kuanzia chini. Haikuwa chini ya mstari, nikashusha pumzi. Haikuwa ya mwisho juu ya mstari. Nilipandisha kidole kwenye kioo, namba kwa namba, na sijawahi kuwa na furaha na huzuni zilizochanganyika namna ile, kwa sababu kila namba isiyokuwa yake ilikuwa sifa kwake na hasara kwangu. Kidole kilipita katikati. Kilikaribia juu. Alikuwa wa nne.

Pembeni kulikuwa na orodha ya mwaka wa pili. Wa kwanza na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho. Mimi nilipewa msichana mmoja mwema kutoka Masaka, ambaye mpaka leo tunatumiana salamu za Krismasi. Yeye alipewa mwingine, meza ya upande wa pili, karibu na bomba. Mwaka wa pili tulisalimiana kwa mbali juu ya vichwa vya watu. Hatukukosana. Hatukuwa tu na sababu tena ya kukaa kwenye ngazi, na sisi wawili bila sababu ya fizikia hatukujua kukaa. Alimaliza, akaenda kufanya kazi kaskazini, na baadaye nikasikia ameoa. Nikamwombea heri, na nikavunja bilauri jikoni.

Lakini siku ile ya matokeo alinikuta pale ubaoni. Nilimsikia nyuma yangu kabla sijageuka. Alikuwa amekwisha kuona namba yake, na orodha ya pembeni alikuwa amekwisha kuiona pia.

"Nilijibu yote," akasema. "Ulisema nijibu yote."

Nilimpa hongera. Nilimpa na mkono, naye akaupokea kwa mikono yake miwili, akaushika kidogo, akaniachia. Mwaka mzima nilikuwa nimempa amri nyingi, aache kuniita mwalimu, aache kula karanga maabara, aache kuja mtihani na kalamu moja, na zote alizipuuza akicheka. Ile moja aliitii.